Nyumba Iliyonyimwa Insulesheni: Kisa cha Familia Moja ya Minneapolis na Sheria za Nishati za Minnesota

Usuli

Kisa hiki, cha nyumba iliyokataliwa kwa muda kuwekewa insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisitoke), kilianza mwishoni mwa 2022 na kufika tamati katika majira ya baridi ya 2024. Majina, mtaa na mambo yanayoweza kuitambulisha familia yameondolewa, na baadhi ya namba zimekadiriwa bila kubadili hoja. Kina faida kwa yeyote anayesimamia ruzuku za nishati. Pia kina faida kwa wenzetu wanaonunua nyumba za zamani huku Minnesota, ambako jamii ya Wakenya ni kubwa, hasa vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa Minneapolis kama Brooklyn Park.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, ya miaka ya 1920, ya ghorofa moja na nusu: chini sebule, jiko na vyumba viwili, juu chumba kimoja kilichobanwa chini ya mteremko wa paa, na chini ya ardhi besimenti ya zege. Ukubwa wake ni futi za mraba 1,300, kama mita 120 za mraba. Wanaishi baba na mama wanaofanya kazi za zamu, na watoto wawili, mmoja ana pumu. Nyumba ni yao, wanailipia mkopo.

Mwenye nyumba wa awali alikuwa ameweka tanuri jipya la gesi lenye ufanisi wa asilimia 95, linalotoa moshi kwa bomba la plastiki lililotobolewa ukutani. Hita ya maji, nayo ya gesi lakini ya kizamani, ilibaki peke yake kwenye dohani ya matofali ambayo zamani ilipitisha moshi wa vyombo vyote viwili. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule. Baadaye nusura liharibu kazi nzima.

Upande wa sheria, msingi uliwekwa 2007, Minnesota ilipoyataka makampuni ya umeme na gesi yapunguze matumizi ya wateja kwa lengo la asilimia 1.5 ya mauzo kila mwaka. Mei 2021 Gavana Tim Walz alisaini sheria ya kuhifadhi nishati inayofahamika kwa kifupi kama ECO, iliyopita katika Bunge ambalo vyama viwili viligawana mabaraza. Kwa nyumba kama hii, mambo matatu ndani yake ndiyo yenye uzito. Kiwango cha chini ambacho makampuni lazima yatumie kwa wateja wa kipato kidogo kilipandishwa. Sehemu ya fedha hizo, hadi asilimia 15, iliruhusiwa kulipia matengenezo ya maandalizi, yaani kuondoa vikwazo vya usalama vinavyozuia nyumba isikingwe baridi. Tena kampuni iliruhusiwa kumsaidia mteja kuhama kutoka gesi kwenda umeme ikiwa mabadiliko hayo yanapunguza nishati na hewa chafu. Kabla ya hapo fedha hizi hazikuruhusiwa kabisa kwa kazi hiyo. Kisha Februari 2023 ikaja sheria ya umeme safi kwa asilimia 100 ifikapo 2040.

Mpango wa shirikisho wa kukinga nyumba za wenye kipato kidogo dhidi ya baridi upo tangu 1976, na Minnesota fomu ya kuomba msaada wa bili ndiyo inayofungua pia mlango wa mpango huo.

Mambo yalivyotokea

Desemba 2022 doa la maji lilitokea kwenye dari ya sebule, karibu na ukuta wa nje. Lilikuwa bwawa la barafu: hewa ya moto ilivuja kupanda darini, ikayeyusha theluji juu ya paa, maji yakateremka hadi ukingoni palipo baridi, yakaganda, na yaliyofuata yakakosa njia yakaingia chini ya vigae vya paa. Bili ya gesi ya mwezi ule haikulipika yote. Familia iliomba msaada wa bili na kukubaliana na kampuni ratiba ya malipo. Makubaliano hayo ndiyo yanayompa mteja kinga ya kutokatiwa huduma kati ya Oktoba 1 na Aprili 30.

Februari 2023 mkaguzi wa nishati wa mpango wa kukinga nyumba dhidi ya baridi alifika. Kazi ya kwanza kwa kawaida ni kufunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, kuvuta hewa hadi tofauti ya shinikizo ifike paskali 50, na kupima kiasi kinachovuja. Huyu hakuifunga feni. Alipanda kwanza juu, akafungua kimlango cha kiukuta kifupi kilicho kando ya chumba, akainua tabaka la pamba ya vioo, na chini yake akakuta kokoto nyepesi zenye tabaka tabaka, za rangi ya dhahabu iliyochujuka. Ilikuwa vermikulaiti, madini mepesi yaliyotumika zamani kama insulesheni. Akafunga kimlango taratibu, akaandika.

Alifanya sawasawa kabisa. Zaidi ya asilimia 70 ya vermikulaiti iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990 ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliokuwa na asbesto, madini ya nyuzi zilizo hatari kuvuta. Minneapolis yenyewe ilikuwa na kiwanda cha kuichakata upande wa kaskazini-mashariki hadi 1989, na dari nyingi za mji huu bado zinayo. Feni ile ingezivuta nyuzi za asbesto kutoka darini hadi vyumbani, kwenye pumzi ya mtoto mwenye pumu. Besimenti nayo ilionyesha nyaya za zamani zinazopita kwenye vishikizo vya kauri, na baadhi zilikuwa na umeme. Nyaya za aina hiyo hupoa kwa hewa inayozizunguka, kwa hiyo hazifunikwi kwa insulesheni.

Wiki tatu baadaye ikaja barua: nyumba imeahirishwa, yaani mpango hautaifanyia kazi kwa sasa. Ilitaja sababu mbili, vermikulaiti na nyaya. Haikusema nani anaweza kulipia kuziondoa. Miezi mitano ikapita bila hatua. Katikati yake familia ilipata bei kutoka kwa muuzaji wa pampu za joto, mashine za umeme zinazovuta joto la hewa ya nje na kulileta ndani: pampu ya tani 4 (tani hapa ni kipimo cha uwezo, si uzito), insulesheni haiguswi, mkopo wa miaka kumi.

Julai 2023 mhudumu wa ofisi ya msaada alipopitia faili zilizoahirishwa, aliipeleka nyumba hii kwenye fedha za maandalizi. Kuanzia hapo kazi ikaenda hivi. Septemba fundi umeme mwenye leseni alibadilisha saketi zote zilizo hai kwenye kuta za nje na ghorofa ya juu, na mkaguzi wa mji akasaini. Oktoba mkandarasi wa asbesto aliziba vyumba kwa plastiki, akaweka mashine ya kushusha shinikizo darini, akanyonya vermikulaiti yote na kupima hewa kabla ya kufungua. Novemba mafundi wa insulesheni wakaingia.

Kipimo cha kwanza cha feni, sasa kikiwa salama, kilisoma futi za ujazo 3,400 kwa dakika. Walianza na uvujaji, insulesheni ikafuata. Katika nyumba ya ghorofa moja na nusu uvujaji mkubwa hauko pale watu wanapoutafuta, kwenye madirisha. Uko chini ya viukuta vifupi: sakafu ya chumba cha juu imebebwa na mbao, na nafasi kati ya mbao hizo ziko wazi kuelekea pembeni mwa dari, kwa hiyo hewa ya baridi hupita chini ya miguu upande mmoja hadi mwingine. Kila nafasi ilizibwa kwa kipande cha povu gumu cha inchi 2 kilichokatwa kwa kipimo chake na kugandishwa pembezoni kwa povu la kopo. Mianya ya dohani ilizibwa kwa bati na gundi inayostahimili moto, maana povu haligusi dohani. Ndipo selulosi, insulesheni ya nyuzi za karatasi, ikapulizwa: inchi 14 juu ya dari tambarare, kufikia R-49 (R ni kipimo cha kuzuia joto), na ya kushindiliwa ndani ya mteremko wa paa na kuta, pauni 3.5 kwa futi ya ujazo. Uzito ukiwa chini ya huo, selulosi hushuka baada ya miaka na kuacha pengo juu ya ukuta. Pia waliweka feni ya bafuni ya kufanya kazi muda wote. Kiasi cha hewa hutafutwa kwa kanuni: 0.03 mara futi za mraba, jumlisha 7.5 mara idadi ya vyumba vya kulala ukiongeza kimoja. Hapa ni 39 na 30, jumla futi za ujazo 69 kwa dakika.

Kipimo cha mwisho kilikuwa 1,750.

Siku hiyohiyo, mtihani wa usalama wa moshi ulishindwa. Waliwasha feni ya bafuni, feni ya jiko na mashine ya kukaushia nguo, wakafunga milango, wakawasha hita ya maji. Moshi ulimwagika besimenti kwa zaidi ya dakika 5 badala ya kupanda. Dohani ilikuwa pana mno kwa hita moja, imepoa kwa baridi ya nje, na nyumba sasa ilikuwa imebana kiasi cha feni kuishinda dohani. Hita ilizimwa na familia ikakaa siku kumi na moja ikichemsha maji jikoni, hadi ilipowekwa hita ya maji ya pampu ya joto.

Pampu ya joto ya nyumba ilisubiri hadi vuli ya 2024.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuikataa pampu ya tani 4. Muuzaji alipiga hesabu kwa futi za mraba na ukubwa wa tanuri lililokuwepo. Hesabu sahihi ya upotevu wa joto, kwa nyuzi 24 chini ya sifuri nje na 21 ndani, ilitoa BTU (kipimo cha joto) 50,000 kwa saa kabla ya insulesheni na 32,000 baada yake. Kununua kwanza kungemaanisha kununua mashine ya nyumba ambayo baada ya mwaka isingekuwepo tena. Tena kila tani huhitaji takribani futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika. Tani 4 ni futi 1,600, na mifereji ya hewa ya nyumba hii ilipitisha kama 1,000. Mashine ingepiga kelele, ingewaka na kuzima kila mara, na ingekufa mapema. Iliyowekwa ni ya tani 2.5.

Wa pili ulikuwa kuliacha tanuri la gesi kama msaidizi. Hapa wapenzi wa nishati safi huvutana, na hesabu ndiyo iamue. Kwa mfano gesi ikiwa dola 1.05 kwa themu, kipimo kinachotumika kwenye bili za gesi: themu moja ni kilowati-saa 29.3, ukipoteza asilimia 5 zinabaki 27.8, basi kila kilowati-saa ya joto ni senti 3.8. Umeme wa kawaida ukiwa senti 15, pampu lazima itoe karibu mara nne ya umeme inaokula ili ilingane na gesi. Minnesota, Januari, hakuna pampu ya hewa inayofika huko. Kwa bei ya kawaida, familia hii maskini ingelipa zaidi kwa kuwa safi. Baadhi ya makampuni yana bei maalumu ya umeme wa kupasha joto kwa mteja mwenye chanzo cha pili, inayopimwa kwa mita yake. Kwa senti 8, pampu inahitaji mara 2.1 tu, kiwango ambacho pampu nzuri ya nchi za baridi hukifikia hata kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Themostati iliwekwa ibadilishe hapo: juu ya hapo pampu, chini ya hapo gesi. Sehemu kubwa ya saa za msimu iko juu ya kiwango hicho.

Uamuzi wa tatu ni kuuacha ukuta wa kaskazini. Vermikulaiti ilikuwa imeporomoka ndani yake kupitia juu. Kuitoa kungehitaji kubomoa plasta nzima. Matundu ya soketi na taa yaliyo kwenye ukuta huo yalizibwa, na lebo ikabandikwa kwenye kisanduku cha umeme ili fundi yeyote ajaye ajue asitoboe.

Upande wa fedha, maandalizi yalilipia nyaya zote na sehemu ya asbesto. Kiasi kilichobaki familia ililipa kwa mkopo wa ukarabati usio na riba. Kuna mfuko wa fidia uliotokana na kufilisika kwa kampuni iliyouza vermikulaiti ya chapa ya Zonolite, unaorudisha asilimia 55 ya gharama ya kuiondoa, hadi kikomo. Hulipa baada ya kazi, kwa risiti na ushahidi kwamba iliyoondolewa ndiyo yenyewe. Ofisi iliwaambia wapige picha na kuhifadhi ushahidi kabla mkandarasi hajaanza, na marejesho yaliyopatikana yalikwenda moja kwa moja kupunguza mkopo.

Matokeo

Kabla ya kazi nyumba ilitumia themu 1,080 za gesi kwa mwaka, zikiwemo kama 190 za maji ya moto. Mwaka wa kwanza baada ya insulesheni na hita mpya, baada ya kusawazisha kwa ukali wa baridi, zilishuka hadi karibu 540. Mabwawa ya barafu hayakurudi. Chumba cha juu, kilichokuwa ghala Januari hadi Machi, kikawa chumba cha watoto cha mwaka mzima. Besimenti ilipungua joto kidogo kwa sababu hita mpya hunyonya joto lililopo humo. Familia ililalamika, na lalamiko hilo ni la haki, lingefaa kusemwa mapema.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni mpangilio. Usalama kwanza, halafu uvujaji, halafu insulesheni, halafu hesabu mpya, mwishoni mashine. Wauzaji huanza na mashine kwa sababu ndiyo wanayouza. Ruzuku nazo zimezoea kuwafuata, kwa kuwa mashine huhesabika kirahisi kwenye ripoti ya mwaka.

Asilimia 15 ya maandalizi ndiyo kifungu kilichoiokoa nyumba hii, ingawa hakisikiki kwenye hotuba kama lengo la 2040. Nyumba zinazoahirishwa ni zilezile za watu wasio na akiba: paa linavuja, ukungu, nyaya za kale, asbesto. Programu inayolipia selulosi na kukataa kulipia nyaya huwahudumia wenye nafuu zaidi miongoni mwa maskini na kuwaacha waliobaki. Bunge la jimbo liliona hivyo pia, likatenga fedha nyingine za maandalizi 2023.

Kilichoshindwa zaidi ni barua. Ofisi iliyoandika kuahirishwa ilikuwa mlango mmoja kutoka kwa fedha za kuondoa sababu ya kuahirishwa, na bado miezi mitano ilipotea. Barua ya aina hii inapaswa kubeba mambo manne: kizuizi, nani hukiondoa, fedha ipi hulipia, na simu ya nani. Ikikosa hayo, familia huisoma kama hukumu na kumpigia muuzaji mwenye mkopo. Nyumba hii iliponea chupuchupu.

Kosa la hita ya maji lingeonekana Februari. Hita ya gesi iliyobaki peke yake kwenye dohani pana ni dalili inayojulikana, na mkaguzi aliiandika, lakini hakuna aliyeiunganisha na feni ya bafuni ya futi 69 iliyopangwa kuvuta hewa saa 24. Kila anayepanga kuibana nyumba aandike kwenye karatasi moja vyombo vyote vinavyotoa hewa na vyote vinavyochoma gesi kwa hewa ya ndani. Hita ingeagizwa mapema na siku kumi na moja za sufuria zisingekuwepo. Kaboni monoksaidi haina harufu. Mtihani ule ndio uliosimama kati ya familia na hatari, na fundi aliyeizima hita licha ya kusihiwa alitenda haki.

Msaada wa kodi wa shirikisho haukuwafikia kabisa. Punguzo la asilimia 30, hadi dola 2,000 kwa pampu ya joto, lilikuwa linapunguza kodi unayodaiwa tu. Usipodaiwa kodi hupati kitu, na salio halivuki mwaka. Familia yenye kipato hiki na watoto wawili hudaiwa kidogo au haidaiwi. Muuzaji wa tani 4 alikuwa ameliandika punguzo hilo kwenye bei yake kana kwamba ni fedha taslimu. Punguzo lenyewe lilifikia kikomo Desemba 31, 2025, kwa hiyo bei yoyote ya sasa inayolitaja ni ya kutiliwa shaka.

Wapangaji wapo nje ya kisa hiki, na ndio walio wengi kati ya wanaoumia. Mwenye nyumba hulipia insulesheni, mpangaji hulipa bili, na aliye na sababu ya kuweka akiba hana ruhusa ya kutoboa ukuta.

Kilichobaki kwenye nyumba

Familia bado inalipa ada ya kudumu ya gesi kila mwezi kwa ajili ya tanuri linalowaka siku chache. Tanuri hilo litachakaa kabla ya 2040. Ili siku hiyo isilete uamuzi wa dharura, fundi umeme aliacha nafasi mbili kwenye kisanduku cha ampea 100 na bomba tupu hadi chumba cha tanuri, kwa ajili ya kipasha joto cha umeme kitakachosaidia pampu kwenye baridi kali. Kabla ya kukifunga itabidi mzigo wa kisanduku upigiwe hesabu upya, kwa kuwa jiko, hita ya maji na kikausha nguo vimeshachukua sehemu yao. Karatasi ya hesabu ya BTU 32,000 imebandikwa ndani ya mlango wa kisanduku, na tarehe yake, ili atakayekuja kuuza mashine nyingine aanzie hapo.